Fremu ya Bi Zuhura

Mwanangu Aneth,

Nakusikia huko chumbani ukivuta selotepu kufunga sanduku, unaimba nusu wimbo, unaacha, unaanza mwingine. Mambo ya pasipoti, ya sweta na ya kula vizuri huko Guangzhou shangazi yako ameyasema yote, kila moja mara tatu. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo miezi miwili sasa. Kila nikilikaribia unaniita "mama" kwa ile sauti yako ya kucheka, nami narudi nyuma. Kwa hiyo nimekaa mezani jikoni na karatasi. Nikimaliza nitaipitisha chini ya mlango wako. Isome leo, kabla hatujatoka kesho.

Ni habari ya Bi Zuhura.

Najua unamkumbuka. Ulikuwa na miaka tisa alipoacha kuja kwetu, na kwa muda mrefu uliniuliza kila jioni, "Mama, Bi Zuhura yuko wapi?" Jibu nililokupa unalikumbuka pia. Nilisema ana wivu, kwamba watu hawapendi kuona wenzao wakibarikiwa. Ukaacha kuuliza. Sasa nataka kukuambia jinsi ilivyokuwa kweli.

Niliteremka Dar kutoka Machame nikiwa na mimba yako ya miezi sita, nikimfuata baba yako, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi kwenye karakana moja Gerezani. Mshahara wake ulikuja kama mvua ya vuli, leo ipo, kesho haipo. Ulipotimiza miezi minne nilikufunga mgongoni, nikabeba mashuka begani, nikaanza kuzunguka nayo mitaa ya Kariakoo. Sikuwa na pa kukaa. Siku moja jua limewaka, nikasimama kwenye kivuli cha nyumba moja ya zamani, zile za chini zenye kibaraza mbele. Pale chumba cha mbele kilikuwa duka la khanga na vitenge, na mlangoni amekaa mwanamke mnene, amejifunga khanga, anakula embe bichi kwa chumvi.

"Wee mama," akasema, "huyo mtoto shingo itakatika. Mshushe."

"Nasogea, dada. Napumzika kidogo tu."

"Nani kakwambia usogee? Nimesema mshushe mtoto."

Nikakushusha. Akakuchukua, akakuweka pajani, akakufuta jasho kwa ncha ya khanga yake. Kisha akasukuma marobota yake upande mmoja wa benchi na kunionyesha pale palipobaki wazi. "Weka mashuka yako hapo. Mteja wangu akiingia atayaona na yako."

Alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Hakuwa ndugu yangu, hakuwa wa dini yangu, wala hakujua jina langu. Na hakuniomba kodi mwaka mzima wa kwanza. Nilipoanza kupata nikasema tuchangie, akacheka, "Haya, changia, usije ukajiona mgeni." Ndivyo tulivyoanza. Kwa miaka tisa duka lile lilikuwa lake na langu, yeye vitenge na khanga, mimi mashuka na mapazia. Aliniita "Mchaga wangu." Nilimwita da Zuhura. Wewe ulijifunza kutembea ukishika marobota yake ya vitenge. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaa naye mkekani, unangoja adhana kana kwamba nawe umefunga, na umeshiba tangu asubuhi. Krismasi alikuja kwetu mapema kuliko ndugu, akamwondoa baba yako jikoni, akapika pilau mwenyewe.

Nakuandikia haya ujue nilichokuwa nacho. Ningekuwa nimemdhulumu mtu mbaya, labda ningelala.

Mwaka ule, mama yake alishikwa na ugonjwa huko kwao Pangani. Akafunga mkoba wake, akaniachia funguo. Maneno yake nayakumbuka yote. "Duka nakuachia, Mchaga wangu. Mteja wangu muuzie kwa bei yangu. Na akija mwenye nyumba na neno lolote, nipigie, hata kama ni saa gani."

Siku ya nne mwenye nyumba akaja. Mzee Kassim, yule mwenye fimbo. Akakaa kwenye benchi, akasema nyumba ameamua kuivunja, atapandisha ghorofa. Chini kutakuwa na fremu za maduka, na kwa wapangaji wake wa zamani ametenga fremu moja tu, ile ya kona inayotazama barabara. Anataka malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Amesafiri, mzee. Anauguza."

"Basi mfikishie habari. Zuhura ndiye mpangaji wangu wa kwanza, alikuwepo kabla yako. Fremu ni haki yake. Akiitaka, yake. Asipoitaka, ndiyo nitakupa wewe."

Akaondoka. Simu ilikuwa mkononi mwangu, Aneth. Namba yake ilikuwa ya kwanza kabisa, wewe ndiye uliyeiweka. Nikasema nitapiga mchana, wateja wakipungua. Mchana nikasema nitapiga jioni. Nikaitazama ile kona. Nikaona mapazia yangu yamening'inia mpaka chini, kioo kikubwa, jina langu juu ya mlango. Moyoni nikaanza kumhesabia sababu: amezeeka, hana haraka ya maisha, ana ndugu wengi, mimi nina mtoto wa kusomesha. Tamaa haiji ikijitaja jina, mwanangu. Kwangu ilikuja ikiitwa Aneth.

Na unajua nilifanya nini jioni ile? Niliomba. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu anifungulie mlango. Mlango wa mtu mwingine, naye mwenye mlango nimemfungia mdomo wangu.

Siku ya Alhamisi saa moja jioni akapiga yeye mwenyewe. Ulikuwa umekaa kitandani unachana nywele za mwanasesere.

"Dukani kwema?" akauliza.

"Kwema, da Zuhura."

"Hakuna neno?"

"Hakuna."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, mwanangu yupo?" Ukaninyang'anya simu, ukamwimbia wimbo wa shule. Mimi nilisimama pale ukutani nikikusikiliza ukiimba, na niliona aibu, usidhani sikuona. Lakini aibu ilipita, na asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Kassim na malipo kwenye mkoba, nikamwambia, "Da Zuhura amesema hana haja. Amechoka na biashara."

Ni maneno machache sana. Hayakuchukua hata pumzi mbili.

Aliporudi, majuma kadhaa baadaye, nyumba ilikuwa imezungushiwa mabati na mafundi wamekwisha kushusha paa. Vitu vyake nilivihamishia stoo Gerezani, nikavipanga vizuri, nikavifunika plastiki. Mpaka leo sijui kwa nini nilijisumbua kuvipanga vizuri. Alikwenda kwanza kwa Mzee Kassim. Kisha akaja nyumbani, mchana, ile nyumba tuliyopanga kabla ya hii ya Mchafukoge. Hakuingia. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa safari.

"Mchaga wangu, Mzee Kassim anasema nilikataa. Nimekuja kukuuliza, nilikataa lini?"

Nikasema mtandao ulikuwa unasumbua. Nikasema nilimpigia sana hakupatikana, siku zikawa zinakwisha, nikaogopa tusije tukakosa wote. Maneno yalikuja mengi. Ndipo wewe ukatoka mbio, "Bi Zuhura! Bi Zuhura!" Akakuinua, akakunusa kichwani, akakuweka chini.

"Haya," akasema. Akaondoka.

Nilitaka anitukane. Watu wa mtaani wangekuja, ningejitetea, pengine ningemshinda kwa kelele. Alisema "haya" tu, na hilo neno ndilo nimeishi nalo.

Baada ya hapo, Aneth, mambo yalinyooka. Hapa ndipo wengi hutegemea kusikia kwamba duka liliungua au mali ilioza. Hapana. Niliingoja adhabu, haikuja. Mapazia yaliuzika, nikaanza kuleta mzigo kwa kontena, tukahamia huku. Mwaka tuliohamia nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Ulikuwa umevaa gauni la njano, umekaa mbele na kwaya ya watoto. Nilisema, "Bwana amenifungulia mlango ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuufunga." Kanisa zima likapiga makofi. Siku ya mavuno, kwenye mnada, nilinunua mkungu mmoja wa ndizi kwa bei ya mbuzi watatu, na watu wakasimama kuniangalia. Wakanichagua kamati ya uwakili, baadaye nikawa mwenyekiti wake. Miaka sita nimefundisha watu kwamba vyote ni vya Mungu, sisi ni watunzaji tu, tutaulizwa. Nilifundisha vizuri. Watu walilia.

Mimi nilidhani uwakili ni lile fungu la kumi. Nilikuwa mwaminifu kwa lile kumi kuliko mtu yeyote pale. Nilimpa Mungu fungu la kumi la kitu ambacho chote kilikuwa cha Zuhura.

Baba yako alijua. Aliniuliza mara moja tu: "Ulimpigia kweli?" Nikamjibu, "Ada ya Aneth inalipwa na nani?" Hakuuliza tena. Lakini je, uliwahi kumwona baba yako akikaa ndani ya duka lile? Alikuja kunichukua kila jioni kwa miaka minane, na kila jioni alisimama ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa mpaka nifunge. Watu walisema fundi anaona haya kuingia kwenye mapazia. Hata siku aliyoanza kuugua, alianguka ng'ambo ya barabara.

Nawe nilikufanya ubaya mwingine. Siku moja, ukiwa darasa la tano, tulimwona Bi Zuhura amepanga khanga zake chini, juu ya turubai, jua kali, kati ya wauza viatu. Hakuwa amepata fremu nyingine. Nani angempa bila malipo makubwa ya mkupuo? Ulimwona kabla yangu, ukavuta mkono unataka kukimbilia. Nilikukaza mkono mpaka ukalia, tukakata kona. Nilikufundisha kumkimbia mtu aliyekufundisha kutembea.

Kuna kitu kingine kilinipata taratibu, sikukiona kikija. Nilianza kuogopa kila mtu. Umeona mwenyewe nilivyobadilisha wasichana wa dukani. Kufuli mbili, kisha tatu, kisha kamera. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu nawaza, huyu anataka nini? Akinipigia rafiki nasikiliza pengo kati ya maneno. Mtu aliyeniamini bila kunijua nilimfanyia vile. Mimi nitamwamini nani? Nina watu wa jumuiya, nina wateja, nina majirani wa ngazi nzima. Kwa miaka kumi na mitano sijapata mtu wa kumwambia nimechoka.

Sasa kwa nini nakuambia leo, badala ya kuzikwa nalo?

Ni kwa ajili ya ile siku ya chakula cha jioni, ulipokuja na habari ya kazi. Ulikuwa na furaha, unaongea huku unakula. Ukanieleza kwamba wafanyabiashara wa hapa watakutumia pesa, wewe utawachagulia mzigo huko, utaufunga na kuutuma. Wengi wao hawajawahi kukuona. Halafu ukacheka, ukasema, "Mama, kitambaa cha daraja la kwanza na la pili ukivikunja havitofautiani. Nawatoza cha kwanza, natuma cha pili. Mpaka wagundue wameshauza." Nikakuuliza, "Na wakigundua?" Ukasema, "Si wewe uliyenifundisha? Kariakoo ukianza kumfikiria mwenzako, umeliwa."

Nilisema hivyo, ni kweli. Nimelisema mara nyingi, nikilifanya utani. Ulitoka kwenda kunawa mikono, mimi nikabaki nimeshika kijiko. Uliyasema bila ubaya hata kidogo usoni. Mimi angalau niliona aibu pale ukutani. Wewe hukuwa na haja ya kuiona, nilikuwa nimekwisha kuiondoa kabla haijakufikia.

Kesho yake nikaenda kumtafuta.

Yuko Buguruni, Aneth. Amepanga chumba kimoja uani, na asubuhi anauza mbaazi na maandazi pale mlangoni. Sukari imemla macho. Nilisimama mbele yake hakunitambua mpaka nilipomwamkia.

"Shikamoo, da Zuhura."

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Marahaba," akasema. "Karibu, Mama Aneth."

Mama Aneth. Akaniita kama mtu anavyomwita mke wa jirani. Akaagiza kiti kwa mwenzake wa uani, akanimiminia chai, akaniuliza habari ya afya, akanipa pole ya msiba wa baba yako. Ile chai niliiweka chini. Mwishowe nikasema yote, palepale, kwa sauti ndogo maana watu walikuwa wanapita na sahani. Nikamwambia Mzee Kassim alisema nini, nilimjibu nini. Nikamwambia nimekuja kumrudishia fremu yake.

"Fremu," akasema. "Mimi sasa siioni tofauti ya nyekundu na kahawia. Nitauza kitenge gani?"

"Basi nusu ya mali, da Zuhura. Au niambie wewe unachotaka."

Akafuta meza, mahali palipokuwa pasafi.

"Ile jioni niliyopiga," akasema, "ile Alhamisi. Mama alikuwa amekata roho muda si mrefu. Nilipiga nikuambie. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyempigia. Nikasikia sauti yako imekauka, nikasema, Mchaga wangu kachoka, duka zima yuko peke yake, na mtoto. Nikaona nisikutwike na msiba wangu. Nikaomba mtoto, aniimbie."

Mwanangu, sikuwa najua. Nilijua nimechukua fremu. Sikujua nimesimama pale ukutani nikimdanganya mtu aliyefiwa, naye ananihurumia mimi.

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama mtu anavyongoja mvua ipite. Kisha akasema, "Mimi nilishakuachia zamani. Nilimwambia Mungu siku nyingi, sitaki kudaiana na mtu huko mbele. Lakini pesa zako zikae kwako. Na sikiliza, Mama Aneth, usiende ukasimama kanisani kwenu na kunitaja. Usinifanye ushuhuda wa pili."

Alikuwa amenisoma. Hilo ndilo nililokuwa nimepanga. Nilikuwa nimekwisha kuyatunga maneno, nilivyotenda dhambi, nilivyotubu, na kanisa litakavyonyamaza. Kumbe hata toba nilitaka inipe nafasi ya mbele.

Kwa hiyo sikusimama. Nilikwenda kwa mchungaji ofisini, nikasema najiuzulu uenyekiti wa kamati ya uwakili, nikamweleza kwamba mali niliyoijengea heshima haikuwa yangu, bila kumtaja mtu. Aliniangalia kwa upole akasema, "Mama, mavuno yamekaribia. Tusifanye haraka." Nikamwachia barua mezani. Jumapili hizi nakaa benchi la nyuma. Umeniuliza kwa nini, nikasema mgongo.

Fremu nimemwambia mwenye jengo sitaendelea na mkataba mwaka ukiisha. Sijui kama hilo linamsaidia mtu. Nilidhani nikiamua kurudisha, kutakuwa na mkono wa kupokea. Hakuna. Ninayo mali ambayo kila asubuhi naifungulia kufuli tatu na haina pa kurudi. Tiketi yako imetoka humo. Ada yako imetoka humo, na hiki kiti nilichokalia. Sikuambii uvitupe. Nakuambia uvijue.

Watu wale wa huko Kariakoo na Mwanza na Mbeya watakaokutumia pesa, kila mmoja amesukuma marobota yake upande mmoja akakuachia nafasi kwenye benchi. Hawatakuona ukichagua kitambaa. Hakuna atakayekuona. Pengine utafanikiwa vizuri sana, kama mimi, na hakuna kitakachoungua. Hilo ndilo ninalokuogopea.

Sasa ni habari ya kesho. Juzi Bi Zuhura alinipigia simu. Mtu wa uani kwao alimbonyezea namba. Kule Buguruni nilikuwa nimemwachia namba yangu na kumwambia kwamba unasafiri. Hakusalimia kwa kirefu. Akasema, "Mlete mwanangu nimuage. Wewe utabaki garini."

Nikasema sawa.

Kwa hiyo tutatoka mapema kuliko nilivyokwambia, saa nne. Nimeshaongea na dereva. Atasimama barabarani pale, wewe utaingia uani peke yako. Uliza Bi Zuhura wa mbaazi, wote wanamjua. Hatakuona vizuri, itabidi usogee karibu. Atakuuliza unakwenda kufanya kazi gani. Mjibu kweli, yote, hata ile ya kitambaa, kama bado iko moyoni mwako. Akikupa chai, kunywa. Usitazame saa, wala usiharakishe kwa ajili yangu.

Mimi nitakuwa garini.

Mama yako